Saa Moja na Dakika Thelathini na Tano

Ikirasak,
6 Desemba 1984

Kaka yangu mpendwa Pauta,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Siasi na watoto wote hapo Kangiq. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na neno hilo leo silitumii kwa mazoea. Kikohozi cha wifi kimepungua? Mwambie anywe mafuta ya sili, kijiko kimoja kila asubuhi, hata kama itabidi umshike pua. Sisi huku hatujambo, ingawa nyumba haijalala vizuri tangu nijifungue. Simiuni, mume wangu, anakusalimu. Mama mkwe wangu, Bibi Ulluriaq, anakusalimu pia, na anauliza kama yule samaki mkavu uliyemwahidi tangu kiangazi bado anaogelea. Binti yangu Ulayu anakusalimu kuliko wote. Tangu tulipompa jina la marehemu mama yetu hajasahau hata siku moja kwamba wewe ni mwanawe. Hata mimi nikitaka aoshe vyombo inanibidi nimwite mama, tena kwa sauti ya upole. Ameniagiza niandike hivi: mwambie mwanangu avae kofia. Nimeandika.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu unayeweza kuzungumza naye redioni. Lakini redio ya upepo ina masikio ya kijiji kizima. Nikikohoa mbele yake, mke wa mchungaji huja na dawa. Ninayotaka kukuambia si ya kijiji. Na uso kwa uso ndiyo hivyo, mara ya mwisho tuliachana hatusemezani. Basi Simiuni atakukabidhi karatasi hii ukishashuka, kabla hamjaanza kupakua mizigo. Nakuomba uisome palepale ofisini kwake uwanjani, karibu na jiko. Usiitie mfukoni ukaisome kwenu. Utaona mwenyewe kwa nini.

Nianze na lile lililotutia uchungu, siku ulipokuja kunichukua nikajifungulie Kangiq. Unakumbuka kila kitu kilikuwa tayari. Begi langu lilikwisha kupimwa, nesi Bernadette alikwisha kunipa ruhusa, na Simiuni alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa kwa kuwa hakujua mikono yake aipeleke wapi. Nikafika mlangoni. Nikaiona ndege, nikakuona na wewe umesimama chini ya bawa unapigapiga miguu kwa baridi, na miguu yangu mimi ikakataa. Nesi akaniuliza kama niko tayari, nikakunja pua. Maskini akadhani nimesikia harufu ya mafuta ya ndege. Ninyi wengine wote mlijua kwamba nimesema hapana.

Ulivyochachamaa siku ile! Ulisema mbele ya watu, "Nimebeba mbwa wagonjwa, nimebeba maiti, nimebeba askofu akatapika ndani ya kofia yake mwenyewe, na hakuna aliyenikataa. Leo dada yangu wa tumbo moja ndiye anaona ndege yangu inanuka?" Watu wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa. Bibi Ulluriaq ndiye aliyenijibia. Alikwambia mjukuu wake anataka kuzaliwa chini, kwa maana hata kunguru, pamoja na ujuaji wake wote wa kuruka, hatagi mayai akiwa hewani. Watu wakacheka zaidi, lakini wewe hukucheka. Ulifunga mlango wa ndege bila kuonja chai, ukapaa, ukaelekea moja kwa moja juu ya milima. Nilizitazama taa zako mpaka zikapotea.

Kaka, sikukataa kwa sababu ya ndege, wala sikukudharau. Sababu ipo na nitaisema, ila acha niikaribie polepole, maana nikikurushia mara moja utaicheka na kuichoma jikoni.

Baba alipokuwa akitupa habari za Kangiq hakutuambia ni mbali kiasi gani, alitwambia ni kulala mara ngapi. Mara saba mbwa wanaomvuta wakiwa wameshiba, mara tisa wakiwa na njaa, na akiulizwa atafika lini alijibu kwamba atafika akifika. Alipita pwani siku zote, juu ya barafu ya bahari, akizunguka rasi zote moja baada ya nyingine. Barafu ya juu, ile iliyolala juu ya milima katikati ya kisiwa, hakuikanyaga hata mara moja. Alisema barafu ya bahari ina adabu, hupiga kelele kabla ya kuvunjika, lakini ile ya juu haisemi na mtu. Ulikuwa ukimcheka kwa hilo, nami nilikuwa nikicheka pamoja nawe.

Wewe umetuletea hesabu nyingine, na sikufichi kwamba nilijivuna. Mtoto wa kwetu, rubani! Kutoka kiwanja cha Kangiq hadi kiwanja chetu, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita mia nne na ishirini, nawe ukikata juu ya barafu ya juu unatumia saa moja na dakika thelathini na tano. Ukizunguka pwani, kama wafanyavyo marubani wa kusini giza la majira haya likishatanda, ni saa mbili na dakika kumi. Ulayu anazijua namba hizo mbili kuliko anavyojua kujumlisha. Ukitangaza muda wa safari, huna haja ya kututajia njia. Muda wenyewe unatuambia umepita wapi.

Sisemi njia fupi haina faida. Natsiq, mtoto wa shemeji yangu, kidole tumbo kilimpasukia mwezi wa pili, ukamfikisha Kangiq akingali na pumzi, na daktari akasema zile dakika chache ndizo zilizomponya. Tangu siku ile mama yake akichinja kulungu, ulimi ni wako. Sijasahau. Lakini Natsiq alikuwa mgonjwa. Unga, mafuta ya taa na masanduku ya soda ya dukani hayana kidole tumbo, Pauta. Yanaweza kusubiri uzunguke pwani.

Halafu kuna hilo la kutangaza. Ukishapaa tu unashika redio na kupiga kelele, "Saa moja na thelathini na tano, wekeni chai!" Vijana wanapenda sana, wanaiga sauti yako hata wakiwa na pikipiki zao za theluji. Wazee wanainamisha macho. Unajua vizuri kwamba mtu mzima hapa hatamki saa atakayofika mahali, kwa sababu hali ya hewa inasikia na haipendi kupangiwa. Bibi Ulluriaq anakupenda, kwa hiyo birika huliweka mezani kweli, lakini haliteleki jikoni mpaka asikie injini kwa masikio yake. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akaniambia chai ya mtu ambaye hajafika huchemshwa matangani.

Hapa nimeweka kalamu chini kidogo, nimerudi sasa hivi. Leo ndiyo siku ya kwanza upepo umetulia baada ya tufani lile refu. Kwetu nyota zinaonekana, ila juu ya milima kumekaa wingu bapa, jeupe, halisogei. Redio ililia, nikaisikia sauti yako kwa mara ya kwanza tangu tugombane. Ulikuwa ukimwambia Simiuni uwanjani kwamba umekwisha kupaa Kangiq na mizigo ya duka. Simiuni akakutajia lile wingu. Akakuuliza, kwa adabu zake za ushemeji, kama leo hungependa kupita pwani. Ukacheka. "Shemeji, pwani ni ya wenye mbwa! Saa moja na thelathini na tano, wekeni chai!" Ulayu akaninyang'anya redio ya nyumbani akaingilia kati, "Mwanangu, umevaa kofia?" Nawe ukamjibu kwa heshima zote, "Nimevaa, mama." Akaridhika, akaenda kuchukua mkate wake.

Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na mtoto mgongoni, analia. Nadhani ulimsikia. Nilinyoosha mkono niichukue redio, nikakumbuka kwamba kijiji kizima kinasikiliza, nikaona haya. Haya ni kitu kibaya. Sasa naandika haraka, na mwandiko wangu unaniambia hivyo, nisamehe.

Sababu ni hii. Wewe mwenyewe unajua ulivyokuja duniani, mama alitusimulia mara nyingi. Alipokuwa na mimba yako alijiwa ndotoni na Pauta wa kwanza, yule mwindaji aliyekuwa mtu wa haraka mpaka haraka hiyo ikamtumbukiza kwenye barafu changa. Alimwomba mama maji, mama akampa. Ulipozaliwa ukapewa jina lake, na hukulia hata kidogo, ulinyonya ukalala. Ndivyo wanavyokuja wote. Anayemwendea mwenye mimba ndotoni na kuomba maji anataka jina, anataka kurudi. Na hakuna anayerudi ambaye hajaondoka kwanza.

Katika mimba yangu hii, aliyekuja kuniomba maji ni wewe.

Ulisimama katika kile chumba chetu cha mbele cha baridi, pale tunapotundika makoti. Ulivaa lile koti lako la kazi ambalo zipu yake imekufa na wifi ameishona kwa uzi mwekundu. Theluji ilikuwa mabegani mwako na haikuyeyuka, ingawa mlango wa ndani ulikuwa wazi na jiko linawaka. Hukusema kwa sauti yako ya redio. Ulisema taratibu, "Miali, nipe maji." Nikaenda kwenye pipa nikakuta maji yameganda, nikayapiga kwa kata, nikayapiga, hayakupasuka, nikaamka. Ulikuja tena, na tena. Nilimwambia Simiuni peke yake. Alijitahidi kunituliza, maskini, akasema labda ni yule Pauta wa kwanza bado ana kiu. Nikamwuliza Pauta wa kwanza koti la zipu alilitoa wapi.

Ndiyo maana nilishindwa kutoka mlangoni siku ile. Ulikuwa umesimama chini ya bawa, na theluji mabegani. Niliogopa, Pauta. Niliogopa kwa ajili yangu na ya mtoto tumboni, na kinachoniuma mpaka sasa ni kwamba sikukuogopea wewe. Nilijitoa mwenyewe ndegeni, nikakuacha uruke, wala sikusema neno. Ulidhani nimekutia aibu mbele ya watu. Nilikufanyia kibaya kuliko hicho.

Kuna jambo jingine nililokuficha. Simiuni alikutangazia kwamba nimepata msichana, lakini jina hakukuambia, kwa sababu nilimkataza. Uchungu ulinishika tufani likiwa limepamba moto. Nesi Bernadette alifanya yote anayoyajua, na sina lawama naye, hakuniacha hata dakika moja ingawa nilikuwa nimeukataa ushauri wake. Mtoto hakushuka. Bibi Ulluriaq akaanza kumwita kwa majina, kama wakunga wa zamani, kwa kuwa mtoto akilisikia jina lake hutoka. Akamwita kwa jina la marehemu mumewe. Akamwita kwa jina la dada yake, kisha la baba yetu. Mtoto hakusogea. Nesi akasema hali hii inataka ndege, akasikiliza upepo, akarudi kitandani pangu. Mimi nilijua ni jina gani linangojewa. Nililing'ata kwa meno kadiri nilivyoweza, na zaidi ya nilivyoweza. Mwishowe likanitoka. Nilipiga kelele, "Pauta!" na mtoto akaangukia mikononi mwa Bibi. Ni mzuri. Ana nyusi zako.

Bibi hakufurahi. Aliniuliza ni Pauta yupi niliyemwita, na nilipomweleza habari za ndoto alikaa kitako sakafuni na mikono yake haijaoshwa. Alisema jina la mtu aliye hai huweza kupewa mtoto, ameona hivyo maishani mwake, na kwamba mara nyingine humwongezea mwenyewe nguvu na mara nyingine humvuta. Hili letu hakujua ni lipi. Kisha mtoto akaanza kulia, akalia, akalia, na Bibi akamsikiliza kwa muda mrefu, uso wake ukakunjuka. "Msikie," akaniambia. "Jina halijamkaa kwa sababu bado lina mwenyewe. Mwache alie, mkwe wangu. Akilia hivyo, kaka yako yu hai."

Basi analia. Nesi amempima masikio, koo na tumbo, anasema mtoto ni mzima kabisa, akatupa dawa ya gesi tusiyoitumia. Jirani yangu ananionea huruma na kuniletea supu. Hajui kwamba mimi kilio hiki ndicho chakula changu. Mtoto akinyamaza kidogo anyonye, moyo wangu unasimama, akianza tena nasema asante. Simiuni huenda kazini na pamba masikioni bila kulalamika. Ulayu naye anambembeleza kwa kumwita mwanangu, kama anavyokuita wewe. Anasema sasa ana Pauta wawili, mmoja wa angani na mmoja wa ndani. Na tangu nilipolitamka jina lile hujanijia tena ndotoni. Simiuni anaona ni dalili njema. Sijamwambia kwamba marehemu nao, wakishapewa jina, hawarudi kuomba.

Sasa ombi langu, na kama uliwahi kunipenda utalitimiza bila ubishi. Simiuni ana chupa ya maji niliyoyeyusha kutoka barafu ya zamani, ile ya buluu, maji ambayo baba aliyapenda kuliko chai. Yanywe mbele yake. Yanywe yote, kwa mkono wako mwenyewe, ukiwa hai, ili isiwe tena kwamba uliniomba nikakosa kukupa. Ukimaliza, rudi kwenu kwa pwani. Saa mbili na dakika kumi. Kawia ufike. Usinijibu redioni, inua nyusi tu kuwa umekubali, na Simiuni ataniletea jibu. Methali ya sikio na dawa unaijua, mimi siimalizi. Ukiona dada yako ni mjinga wa kuota ndoto, nicheke utakavyo, waambie na marubani wenzako wanicheke, ila nicheke ukiwa umepitia pwani.

Na ukiwa na nafasi, kabla hujaondoka, pita nyumbani umwone mwenzio wa jina. Hujakanyaga hapa tangu tugombane na chai ya Bibi inakungoja. Nikumbushie wifi ile sindano ya kushonea ngozi, na watoto uwabusu kila mmoja, hasa yule mdogo asiyependa kubusiwa. Mchungaji anakusalimu. Mama yake Natsiq anakusalimu, ulimi upo. Mungu akulinde angani na chini. Ulayu ameshavaa buti zake, ataipeleka barua hii kwa baba yake uwanjani mara tu tutakaposikia injini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Miali

Pauta, nilikuwa nimekwisha kuikunja karatasi. Nimeikunjua tena.

Muda uliotutangazia umepita. Birika liko mezani, baridi. Ulayu amesimama dirishani na buti zake tangu muda ule, na sasa hivi amegeuka akaniambia, "Mwanangu amechelewa." Nimemwambia hujachelewa, umegeuza njia, umelisikia ombi langu kabla ya kulisoma na umepita pwani. Pwani ni saa mbili na dakika kumi, nazo hazijatimia. Nimemwambia hivyo kwa sauti kubwa ili Bibi Ulluriaq naye asikie. Bibi ameweka ushonaji wake kando. Anamtazama mtoto, na kwa jinsi anavyomtazama ndipo nami nikagundua kwamba nasikia jiko likiunguruma, na nje nasikia mbwa wa jirani, na muda mrefu sasa sijasikia kingine.

Mtoto amenyamaza.

Hajalala. Nimemtoa mgongoni, nimemlaza mapajani, macho yake yako wazi. Ametulia, anapumua vizuri, midomo yake inachezacheza kama ya mtu aliyekwisha kunywa. Redioni Simiuni anakuita. Anasema Pauta, Pauta, nijibu, kisha ananyamaza, kisha anaita tena. Kila anapolitaja jina, mtoto anageuza kichwa.

Ninamfinya mguu, kaka. Bibi ananishika mkono niache, nami sisikii. Ninamfinya ili alie.